Ungo, Taa ya Jirani na Kilimia

Kamwene, ndugu zangu. Jina la Bwana lipewe sifa hapa Kihesa. Mmeniita mbele nitubu ili nirudi kundini. Mbele nimekuja, lakini nimekuja kushuhudia, na nina hasira. Mtanivumilia.

Mimi Mama Neema ni fundi cherehani, mnanijua. Nilipofiwa na mume wangu nilikosa usingizi, nikawa nakaa uani naangalia nyota, moyo unatulia. Nikatamani kuzipiga picha. Vijana wa mtandaoni wakasema bila darubini ya mamilioni usijisumbue. Jamani, nani kawaambia Mungu aliumba nyota kwa ajili ya matajiri? Nilichukua simu yangu ile yenye ufa, nikailaza juu ya debe la mahindi ikitazama mbinguni, nikaiseti ikusanye mwanga sekunde nyingi na ijipige yenyewe nisije nikaitikisa. Tochi niliifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe huyapofusha macho gizani.

Tatizo lilikuwa taa. Baba Tumaini, mzee wetu wa kanisa na jirani yangu, ana taa kubwa ya ulinzi, inamulika uani kwangu mpaka sufuria zote zinaonekana. Picha zikatoka nyeupe kama uji. Nilimwomba aigeuze, akacheka tu. Basi nikachukua ungo wangu wa kupepetea, nikauinua kuikinga simu na ule mwanga.

Ndugu zangu, mnajua kilichofuata. Mwanamke mjane, usiku, kitambaa chekundu, ungo mkononi. Baba Tumaini akaenda kwenye baraza la wazee akasema ameniona najiandaa kuruka na ungo kama wachawi. Na ninyi mkaamini! Mkanitoa kwaya, mkaninyima meza ya Bwana. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, hata ambavyo sijakata. Neema wangu akaambiwa shuleni mama yake mchawi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza ule ungo ni wa nini, wakati kila jiko hapa Kihesa lina ungo.

Nilimlilia Mungu anitetee. Juzi umeme ukakatika mtaa mzima. Taa ya Baba Tumaini ikazimika, mbingu ikafunguka. Nikailaza simu kwenye debe, ungo nikauacha jikoni. Mama Tumaini, mke wa huyo mzee, akaja kuomba kiberiti, akanikuta. Nikamwonyesha picha. Akaisogeza simu karibu na macho, akasema, "Mama Neema, hiki si Kilimia, kile kikundi cha nyota za msimu wa kulima? Bibi yangu alikuwa anakisubiri ndiyo ashike jembe." Akaita majirani. Wakaja mmoja mmoja kuitazama ile simu yenye ufa, na wengine mpo hapa mmeinamisha vichwa.

Sasa mnasema nitubu ndipo nipokelewe. Nitubu nini? Kutazama kazi ya mikono yake? Sitatubu. Mungu kanitetea bila kunipa masharti, namshukuru. Na Mama Tumaini namshukuru.

Nawe unayeonewa, mtumaini Bwana, hachelewi. Leo usiku zima taa, toka nje, tazama juu. Baba Tumaini, tuanze na ya kwako.