Vikombe Sita vya Mama Nadia

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya nyumba yangu, hapa Rumonge. Zamani ukichelewa unasimama. Tangu vita ipeleke watu Kigoma, unaweza kujilaza juu yake na hakuna wa kukuambia sogea. Tumebaki watatu: Kassimu muuza kahawa, tunamwita Moto, Cirhuza fundi redio, mtu wa Bukavu, tunamwita Profesa, na mimi, Abdoulkarim. Siku hiyo kesi niliileta mimi. Asubuhi nilifuta vumbi kwenye kabati la vioo la mke wangu, Mama Nadia, nikatoa vikombe vyake sita vya wageni, vile vya maua, na wakati wa kurudisha nikakwama. Alikuwa anaviweka midomo juu au chini? Huu mwezi wa kumi na moja tangu apande boti na watoto, na nilimwahidi atakuta nyumba kama alivyoiacha.

— Chini, akasema Moto. Vumbi itaingia wapi?

— Wapi! Profesa akaruka. Mugeni akigeuza kikombe, si anakuambia nimetosheka, usiniongeze? Sasa weye unageuza sita yote! Nyumba muzima inasema basi, hatutaki tena watu.

— Acha uongo.

— Uongo? Kuna mutu wa kule kijiji cha Gatete aligeuza vyake. Ule mwezi hakuna mugeni alipiga hodi.

— Ule mwezi barabara ilikuwa imefungwa, bwana!

— Na nani aliifunga?

— Kumbe vikombe ndiyo vimefunga barabara?

— Mimi sijui. Nasema tu vilikuwa chini.

Moto akanigeukia.

— Sikia, Baba Nadia. Weka tatu juu, tatu chini. Akirudi, atakuta umekosa nusu.

Wakacheka mpaka benchi likatikisika.

— Munacheka, nikasema. Nyie muko na wa kuuliza. Mimi mule ndani naulizana na ukuta.

 Benedicte, mama aliyekimbia vita kule Gitaza na sasa anauza ndagala, dagaa wa ziwa, hapo kando yetu, akainua kichwa. Hajawahi kuingia kwenye maneno yetu.

— Samahani, papa Nadia. Mama Nadia mwenyewe alikuwa anakunywa mu gani?

— Mu gani nini?

— Kikombe. Ukumbuke ile yake kwanza, na zingine zitakuja.

 Miaka kumi na miwili ya ndoa! Mkono wake unanipa kikombe, nauona. Unawapa wageni, nauona. Anaviosha uani, namsikia. Yeye akinywa, simuoni.

— Iko gani, papa?

 Moto akainamisha birika, yakatoka machicha tu.

Niliporudi ndani, vitano nilivipanga ovyo ovyo, juu chini, shauri yao. Cha sita nimekiacha mezani, mbele ya kiti chake. Akija, sitauliza habari za Kigoma kwanza. Nitamwomba akae anywe, na mimi nimtazame.