Pua ya Melchior Disch

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Schwanden, na ninyi mliokuja kutoka mbali, mimi ni Margreth, mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha yake, kwa kuwa Vreni, mjane wake, leo sauti imemkauka.

Marehemu Melchior Disch, tuliyezoea kumwita Melk, alizaliwa hapa Schwanden tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule hapahapa, akahitimu mafunzo ya biashara mjini Glarus mwaka 1977, na mwaka 1981 akaajiriwa na kiwanda cha mapazia cha bondeni kwetu, akawa mtu wa kuuza mapazia nchi za nje, anayeondoka Jumatatu kwa treni ya kwanza na kurudi Ijumaa na chakula cha jioni kikimngoja. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Verena Knobel, huyu Vreni wetu, katika kanisa hili, wakajaliwa Regula mwaka 1988 na Hansjörg mwaka 1991.

Melk hakusafiri bila ziger, jibini letu la kijani la kukwangua juu ya mkate wa siagi, ambalo wageni husema linanuka, nasi tangu utotoni tumefundishwa kujibu kwamba halinuki hata kidogo, na mtoto anayekubali kuwa linanuka huchekwa shule nzima. Ijumaa zake mnazijua, maana nusu yenu mlikuja kula kwake ili mzisikie: jinsi behewa zima lilivyohama karibu na Lyon likamwachia viti vyote, jinsi mwenye hoteli wa Vienna alivyobisha hodi akauliza kwa adabu kama bwana amefiwa na mnyama chumbani, na jinsi mbwa wa forodha wa Lisbon alivyokaa mbele ya begi lake akalia kama mtoto.

Zamani alikuwa akisimulia huku akikonyeza jicho, lakini miaka ya mwisho konyezo lile lilikwisha, akawa anashangaa kwelikweli, "Jamani, mimi sikusikia harufu yoyote!", nasi tukapiga meza kwa vicheko, Hansjörg akapaza sauti, "Huyo ndiye mtu wa Glarus!", kwa sababu alikuwa anasema tu kile ambacho kila mmoja wetu husema.

Februari mwaka huu Vreni alitoka dukani akakuta maziwa yameungulia jikoni, sufuria imekuwa nyeusi, na Melk kalipa jiko mgongo anasoma gazeti kwa raha zake. Vreni hakugomba, alimfunga kitambaa machoni, akachukua kipande cha ziger akakisogeza, akamwuliza, "Haya mzee, hiki nini?" Melk akangoja, akasema, "Acha utani, Vreni, si ukilete kwanza," na kipande kilikuwa kinagusa masharubu yake.

Madaktari walikuta uvimbe nyuma ya pua, uliokua polepole kwa miaka, ukaua kwanza uwezo wake wa kunusa kisha ukaingia kwenye ubongo, wakatuambia kwamba ungejulikana mapema huenda ungetolewa wote. Alipasuliwa Zurich mwezi Machi, akapasuliwa tena Agosti, na hakuinuka vizuri. Mwezi Oktoba Regula alimwomba, "Baba, tusimulie ya yule mbwa wa Lisbon," naye akamtazama kwa upole akauliza, "Lisbon ni nani?" Alifariki nyumbani kwake Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, Vreni akiwa amemshika mkono, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupasulia kuni na kupokezana kukesha naye, na wafanyakazi wenzake waliofika hata kutoka Antwerp, ambao wao walikuwa wakimwambia ukweli wakifungua madirisha.

Tukitoka makaburini tutakula pamoja kama desturi, na mezani kutakuwa na mkate wa ziger. Nawaomba, kwa leo tu, tusijisifu. Kila mtu anuse kipande chake kabla ya kuuma, aseme wazi kwamba kinanuka, na asiyesikia harufu asituchekeshe, amwambie aliyeketi karibu naye.

Pumzika salama, kaka. Linanuka, Melk. Lilinuka siku zote.