Mwenye Mkate Ndiye Anayesema

Mheshimiwa Naibu Meya wa mji wetu wa Salt, hapa Jordan. Bwana Mkurugenzi wa kituo hiki. Mwalimu wetu Rudayna, uliyetuvumilia wiki kumi na mbili bila kumfukuza hata mmoja wetu, ingawa sababu ulikuwa nazo. Akina mama, akina baba na yule babu mmoja mnaohitimu leo. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mdogo wangu Intisar, uliyekaa mstari wa mbele na kunikodolea macho: amani iwe juu yenu nyote.

Mimi ni Wijdan, mama yake Nawras, na nimepewa dakika saba niseme kwa niaba ya darasa zima la malezi ya nyumbani. Mwalimu ametuagiza kila anayehitimu ataje jambo moja alilowafundisha watoto huku likiwa bado linamshinda yeye mwenyewe. Mimi ninalo. Nimelificha miaka sita. Niruhusuni nilizunguke kidogo kabla sijalifikia.

Kwanza niungame kwamba nilikuja hapa kwa kulazimishwa. Mkwe wangu anafanya kazi hospitalini, mwanangu yuko barabarani na lori lake, na wajukuu wangu wawili, Sireen wa miaka tisa na Muhannad wa miaka sita, wanashinda kwangu. Niliposikia kwamba tutafundishwa michezo ya kuwasaidia watoto kuzijua hisia zao na kuishi vizuri na wenzao, nilimwambia mume wangu Abu Nawras kwamba mimi nimelea watoto watano kwa kandambili na wote wanajua kusema asante. Akanijibu kwamba wanajua pia kukwepa. Ningefanya nini, ndugu zangu? Nikaja.

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa mkate wa zamu. Wakati wa chakula cha jioni mkate mmoja unazungushwa, na anayeushika anasema moyo wake ulikuwaje siku hiyo. Wengine hawaruhusiwi kumkatiza, kumsahihisha wala kumcheka mpaka aupitishe. Jioni ya kwanza Muhannad alitangaza kwamba anamwonea wivu paka wa jirani kwa kuwa haulizwi habari za shule. Sireen alilia kwa sababu rafiki yake hakumwekea nafasi kwenye dawati. Abu Nawras, ambaye kwa miaka arobaini amenisimulia habari za matairi tu, aliushika mkate kwa mikono miwili akasema anaogopa macho yake yanafifia. Na mimi je? Mimi kila jioni nilisema nimechoka, nikaupitisha mbio kana kwamba ndiyo kwanza unatoka tanurini.

Ikafika wiki ya tano, wiki ya kuomba radhi. Mwalimu Rudayna akasema watoto waigize jaha, ule ujumbe wetu wa heshima unaokwenda nyumba ya mtu kuomba radhi au posa. Mnajua wenyewe mambo yalivyo: wajumbe wanaingia, kahawa inamiminwa, mkubwa wao anaweka kikombe chini bila kukionja. Hanywi mpaka mwenye nyumba atamke, "Kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia." Na akishatamka hivyo amekubali, hata kama ombi lenyewe halijatajwa.

Watoto wakaupenda mchezo huo kupita kiasi. Muhannad, aliyemchorea dada yake masharubu kwenye picha ya darasa, alimpelekea ujumbe wa watu wanne, na Sireen akawanyima lile neno siku tatu nzima, maana alionja utamu wa kubembelezwa. Katika jengo letu hakukuwa na mtoto aliyekunywa chochote bila mkutano.

Basi Ijumaa moja ya Agosti, baada ya sala, mlango ukagongwa. Wajumbe saba! Mbele yao Muhannad, amevaa joho la babu yake linaloburura sakafu, na kilemba kimemfunika jicho moja. Nikawamiminia maji ya aprikoti yenye barafu. Wakaweka bilauri chini, wote saba, jasho likiwatiririka. Mdogo kuliko wote alikuwa akiitazama bilauri yake kama mtu anayeaga ndugu kituoni. Mimi nilijua wanachotaka. Walikuwa wakiniomba paka mwezi mzima, na paka nilishaamua kuwapa. Nikaona nijifanye sultani. Nikajinyoosha, nikatamka neno lote kama lilivyo: kunyweni kahawa yenu, mmepata mlichokijia.

Wakanywa kwa funda moja. Sireen akafuta mdomo, akasema, "Bibi, tumeomba uende kwa Bibi Intisar. Leo."

Ndugu wageni, wengi wenu mnajua na wasiojua wajue sasa. Mimi na mdogo wangu hatukuwa tumesemeshana miaka sita, ingawa kati ya mlango wangu na wake kuna vidato sitini na vinne tu vya ngazi ya mtaa. Kwenye harusi ya mwanangu wa mwisho, mbele ya wakwe, Intisar alionja mansafu yangu, ule wali wetu wa nyama iliyopikwa kwa mtindi, akasema huu si mtindi mkavu wa mbuzi, huu ni wa boksi. Nikaapa kwamba ni wa Karak, kule unakosifika, na nimeukanda kwa mikono yangu. Nikamwita mwongo. Akachukua mkoba wake akaondoka kabla ya keki.

Nikawaambia wajukuu huo ni mchezo tu. Muhannad akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki. "Bibi, ushasema." Nikamgeukia mume wangu aniokoe, nikalikuta gazeti lake linatikisika kwa kicheko. "Maji yamekwisha mwagika, mama Nawras," akasema. "Vaa viatu."

Nikapanda vidato sitini na vinne, wajumbe saba nyuma yangu wakipiga makofi na vigelegele, madirisha yakifunguka kushoto na kulia. Intisar akafungua mlango. Akanitazama, akalitazama joho, akasema, "Kahawa imepoa miaka sita. Ingia niipashe moto." Tulilia mpaka watoto wakatuonea aibu wakaenda kucheza. Wala hakuniuliza habari za mtindi. Hakuniuliza siku ile, hajaniuliza mpaka leo, na huko kutoulizwa ndiko kunakonikosesha usingizi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekunjwa nikiwa mkavu kabisa, na mifupa imelia! Niliwafundisha wajukuu kushika mkate na kusema kweli, nami jioni zote nikasema nimechoka.

Sasa naomba radhi kwa Mheshimiwa Naibu Meya, kwa kuwa nafungua mkoba wangu jukwaani. Huu hapa mkate. Ni wa asubuhi, Sireen amenifungia kwenye leso. Kanuni mnaijua, hakuna kukatiza wala kucheka.

Ulikuwa wa boksi.

Maboksi kumi na mawili, Intisar. Mtindi wangu uliharibika siku mbili kabla ya harusi, nikaogopa wakwe, na maboksi yenyewe niliyachoma mwenyewe darini. Wewe ulisema kweli, nami nikakuita mwongo mbele ya watu mia tatu. Ndiyo maana leo nimesubiri ukumbi ujae.

Mwalimu Rudayna, asante kwa kutufundisha sisi ukidhani unawafundisha watoto. Wahitimu wenzangu, asanteni kwa kunivumilia. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, na hasa kwa kujitahidi kutocheka, ingawa namwona Mkurugenzi ameshindwa.

Intisar, acha kujipangusa macho kwa ushungi wangu uliouazima. Inuka uje uchukue mkate. Ni zamu yako.