Mrija wa Habimana

Sogeeni, wanangu. Anatory, zima hiyo redio. Diane, niinue mgongo kidogo, maana pumzi sasa naivuta kwa kuitafuta, na nina neno ambalo nikifa nalo nitakuwa nimemzika mtu mwingine angali hai.

Shamba la migomba hapa Murukulazo ni lenu wawili, gawaneni bila kushikana mashati. Ila kile kipande cha chini, penye kibanda cha Habimana, msikiguse. Najua Anatory ameshamwambia afungashe nikishazikwa. Najua mnasema ndiye aliyeleta UKIMWI nyumbani humu, ndiye aliyemuua mama yenu Speciosa. Mmeyasema mbele yangu, nami nikanyamaza.

Sikilizeni basi. Habimana si rafiki wa kunywa naye tu. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwenzake wa maisha, naye akanipenda hivyo. Kasirika, Anatory, lakini kaa chini. Nilipokuwa utingo wa malori nilipimwa Lusahunga, nikaambiwa nina virusi, kabla sijamjua Habimana. Sikumwambia mama yenu. Habimana nilimwambia alipokwisha kuugua. Nilikula, nikalala, nikaenda misa, na hao wawili wakaugua kwa sababu mimi niliogopa kusema.

Mnaikumbuka siku ya kuondoa matanga ya mama yenu, wanaume tumeuzunguka mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mmoja na mrija wake? Mtu akanong'ona kwamba Habimana anaumwa ule ugonjwa. Wote wakanitazama mimi, mwenye mji. Nikauchomoa mrija wake mtungini, nikauvunja mbele za watu, kisha nikaendelea kunywa kwa wangu. Nesi alishatueleza kuwa mrija haumwambukizi mtu, nilijua, nikauvunja. Habimana angeweza kunitaja palepale. Akaaga kwa adabu, akaenda zake, na hajanitaja hadi leo. Nilipoanguka kitandani, nyie mko Biharamulo na shughuli zenu, ni yeye aliyenikorogea uji na kunihimiza nimeze dawa. Naona aibu, wanangu, aibu inayoniuma kuliko hiki kifua.

Sasa shikeni haya. Siku ya kuondoa matanga yangu, mtungi uwekwe uani, watu wote waone. Anatory, mrija wangu nimeuchomeka pale juu ya mlango. Mpe Habimana kwa mikono miwili, anywe wa kwanza, kisha unywe wewe kwa mrija huohuo. Waambie wote niliyowaambia, usinifiche. Naye akikataa kunywa, msimlazimishe, ana haki ya kukataa.

Mungu awape usingizi ambao mimi sikuupata. Awape watoto msiowaogopa... Maji, Diane. Kidogo tu... inatosha.

Nani anakohoa hapo nje? Ni yeye, ameleta uji. Huwa haingii mkiwepo... Anatory. Baba, inuka kwenye hicho kiti. Mpishe... mpishe mwenzangu akae.