Jaji Mirumbe na Shahidi wa Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila tega sikio. Leo tunamkumbuka jaji mstaafu Zablon Mirumbe, aliyezikwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwake Ntimaru, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Wengi wenu wa Migori na Homa Bay mlimjua kwa neno moja tu: watatu.

Watatu, yaani mashahidi watatu. Kwenye kesi ya shamba, kila upande ulete watatu, basi. Sheria humruhusu jaji kukataa ushahidi unaorudia yaliyokwisha kusemwa, na Mirumbe aliutumia uwezo huo bila haya. Wahenga walisema wengi wape. Kwake, wengi waliambiwa wakae.

Ukali huo ulikuwa na chanzo. Baba yake aligombania mpaka na jirani, na kila upande ukaleta ukoo mzima. Mashahidi walikuwa thelathini na mmoja. Kesi ilikwenda miaka minane, na mzee akafariki ikiwa kwa shahidi wa ishirini na sita. Zablon aliapa kwamba katika mahakama yake hakuna mtu atakayekufa akingoja hukumu.

Mjane wake, Mama Phanice, anasema tabia hiyo ilimfuata hadi mezani. "Hata maombi ya chakula alikuwa anakata. Ukianza kurudia, anainua kidole."

Sasa, wasikilizaji, sikilizeni siku ambayo kidole hicho kilikwama hewani.

Ilikuwa Homa Bay, miaka tisa iliyopita. Jerusha, mjane wa karibu na Rangwe, alishtakiwa na shemeji yake, Joash. Joash alidai kwamba shamba la bondeni, ambamo Jerusha alijenga na kulima, ni lake, na marehemu mume wa Jerusha aliazimwa tu. Joash akishinda, Jerusha anafungasha virago.

Jerusha alikuja na mashahidi kumi na tisa. Jaji akasema watatu. Ukoo ukatoka nje, ukachagua jinsi koo zetu zinavyochagua: kwa umri. Neno la ardhi huanza na mzee, na kumruka mzee ni matusi. Basi wa kwanza alikuwa hasikii vizuri. Wa pili alikuwa ameishi Kericho miaka arobaini. Wa tatu, Mzee Oyaro, alianza na babu wa babu yake, na hadi saa ya chakula hakuwa amefika kwenye shamba lenyewe.

Watatu wakaisha. Hapo nyuma akasimama mwanamke. Alikuwa Nyanchoka, Mkisii aliyeolewa na mdogo wa mwisho wa Joash. Wakili wa Joash akaruka. "Mheshimiwa, wewe mwenyewe umesema watatu!"

Ni kweli, alikuwa amesema. Baadaye Mirumbe alimweleza binti yake, Emmah, kwamba kidole kilikuwa tayari kimeinuka kumwambia mama yule akae. Akakishusha. Akauliza swali moja. "Utasema nini ambacho hawa hawajasema?"

"Mheshimiwa, hao wazee wamesema shamba ni ya nani. Mimi nitasema nani alikuwa anapanda."

Katika ukoo ule wa Kijaluo, mbegu hutiwa kwa zamu. Huanza mke wa kaka mkubwa, ambaye ni Jerusha, tena kwenye shamba lake mwenyewe, si la mwingine. Hufuata mke wa Joash, halafu Nyanchoka.

"Kwetu Kisii hatukuwa tunangoja mtu," Nyanchoka akasema. "Mwaka wa kwanza nikapanda mapema. Mahindi yangu yaling'olewa yote. Toka hiyo siku, miaka ishirini na sita, nasimama kwa ua nikiangalia Jerusha aanzie hiyo shamba ya bonde, ndio wengine tuanze zetu. Bibi ya Joash tunasimama naye. Sasa kama ni yao, tulikuwa tunangoja nini?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jaji akampa Joash pia nafasi ya shahidi mmoja zaidi, ili mizani ilingane. Joash akamgeukia mkewe. Mkewe akainama kutazama viatu vyake.

Jerusha alibaki kwenye shamba lake. Na kabla ya kusoma hukumu, Mirumbe alisema mbele ya watu wote: "Nilihesabu vichwa. Nusura nimfukuze mama huyu kwa hesabu." Tangu siku hiyo aliendelea na watatu wake, lakini hakufunga ushahidi kabla ya kuwauliza lile swali waliokaa nyuma.

Mama Phanice, Emmah, na jamaa wote wa Ntimaru, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tujiulize: kwenye vikao vyetu vya ukoo, nani anajua na hajawahi kuulizwa?

Nimebakiza moja. Jumamosi, waliotaka kusema matangani walikuwa arobaini na wawili. Marehemu alikuwa ameacha karatasi yenye neno mnalolijua. Watatu wakasema, wakamaliza. Ndipo akasimama mama mmoja mwenye mvi, amefika kutoka Rangwe. Emmah akashika kipaza sauti, machozi yakimtoka, akamuuliza kama babake: "Mama, utasema nini ambacho hawa hawajasema?"

Jerusha akajibu: "Nitasema tu kwamba leo asubuhi nimetoka nyumbani kwangu, na jioni narudi huko huko."

Akakaa.