Redio Kaseti ya Marehemu Imepona

OTMAR: Haloo, naongea na nani? Hii namba siijui.

ASTERIA: Ungeijua usingepokea.

OTMAR: Aa, dada Asteria! Shikamoo.

ASTERIA: Marahaba. Nimeazima simu ya Philomena hapa jirani, maana yangu ukiiona unageuka bubu. Kahama hamjambo?

OTMAR: Hatujambo. Ushirombo huko? Mama je?

ASTERIA: Mama yupo, amekaa anaitazama ile meza. Unaikumbuka ile meza? Ilikuwa na redio juu yake.

OTMAR: Dada, nilikuwa nataka kukupi—

ASTERIA: Ulisema wiki moja, Otmar. Mwanzo wa Kwaresima ulikuja hapa na gari, ukaibeba redio kaseti ya baba, ukasema unaipeleka kwako Nyasubi ukaifufue. Sisi hata hatukujua kama imekufa. Jana yake ilikuwa inaongea.

OTMAR: Ilikuwa inakoroma! Wewe hivi vitu huvijui. Ile ni deki ya maana, haitengenezwi tena popote. Nina ukuta mzima wa deki hapa sebuleni, lakini kama hiyo sina.

ASTERIA: Ulikuwa huna. Mkeo Dorika anasemaje kuhusu huo ukuta?

OTMAR: Dorika yuko kwao Mhunze. Ameenda kusalimia.

ASTERIA: Tangu Pasaka anasalimia tu? Ukoo wao mkubwa kweli.

[Mtandao unakwaruza.]

OTMAR: Haloo? Unakatika, dada.

ASTERIA: Sikatiki. Tulisikia mlikuwa mnalala chini, kitandani kumelala deki.

OTMAR: Ilikuwa moja tu! Nilikuwa nimeipaka rangi, inakauka.

ASTERIA: Pole yake. Sasa nisikilize, dakika za watu hizi. Jumamosi ni sendofu ya mdogo wetu Loveness, anaolewa. Baba aliacha maneno ya kumuaga mtoto wake wa mwisho, akayarekodi mwenyewe na sauti ikiwa bado ipo. Wakwe wameshaambiwa kwamba mzee ataongea. Kaseti iko ndani ya hiyo redio. Naitaka redio na kaseti hapa Ijumaa.

OTMAR: Utaipata, tena kama mpya! Kichwa nimekisafisha kwa spiriti, nimeweka kiroli kipya cha kuvuta utepe, boksi nimelipiga polishi unajiona uso. Halafu sikia kichekesho. Unajua mzee alikuwa ameweka nini mahali pa mkanda wa mota?

ASTERIA: Pete ya mpira. Aliikata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli yake.

OTMAR: Eeh! Nilicheka mpaka nikakaa chini! Tyubu ya baiskeli! Imeibana mota, mota inahema kama ng'ombe wa kulimia. Nimeing'oa, nimeagiza mkanda wenyewe hasa—

ASTERIA: Kaseti ya baba umeijaribu?

OTMAR: Redio inapiga, dada, majirani wote—

ASTERIA: Nimeuliza kaseti ya baba.

OTMAR: Kidogo.

ASTERIA: Kidogo ndiyo nini?

OTMAR: Hiyo kaseti imezeeka. Haikuwa imetunzwa, labda ilipigwa na jua, labda—

ASTERIA: Iweke nisikie.

OTMAR: Si ungesubiri tu Ijumaa—

ASTERIA: Otmar.

[Kibonye kinabonyezwa. Sauti nyembamba, ya mbiombio, kama ya kifaranga kilichopotezana na mama yake.]

ASTERIA: Nini hicho?

OTMAR: Ndiye.

ASTERIA: Ndiye nani?

OTMAR: Mzee. Skrubu ya spidi nimeizungusha mpaka mwisho, bado anakimbia.

ASTERIA: Mayu wane! Mtu alikuwa akikohoa kuku wanaingia bandani wenyewe, leo na yeye umemfanya kuku! Zima! ... Hapana, mama, kaa tu. Ni watoto wa Philomena wanacheza.

OTMAR: Mama amesikia?

ASTERIA: Amesikia kitu, hajakijua. Wewe fundi mzima, hujui kilichotokea?

OTMAR: Mwendo wa sasa ndio sahihi, dada. Ndio mwendo wa kiwandani.

ASTERIA: Kiwandani ndiko alikozaliwa baba? Alirekodi kwa redio hiyohiyo, na mpira huohuo, mota ikihema hivyohivyo. Mwendo wake ndio huo. Umemkimbiza.

OTMAR: Alirekodi ikiwa imebanwa ... kwa hiyo ikienda mwendo wa kawaida ... Eeh. Aisee.

ASTERIA: Aisee. Mpira uko wapi?

OTMAR: Nimetupa. Gari la taka limeshapita.

ASTERIA: Kata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli hiyohiyo.

OTMAR: Baiskeli iko huko kwenu.

ASTERIA: Baiskeli uliichukua Krismasi! Ulisema unaenda kuienzi.

OTMAR: Aa. Hiyo. Ndiyo, iko ukutani. Lakini hiyo haikatwi, dada. Haijaguswa, kila kitu chake ni cha zamani, mpaka tyubu. Hata huyu jamaa wa Geita anasema ikiguswa haichukui te—

ASTERIA: Jamaa gani wa Geita?

OTMAR: Haloo? Mtandao huu ...

ASTERIA: Mtandao uko salama kabisa. Jamaa gani?

OTMAR: Mnunuzi mmoja wa dhahabu. Anafungua baa, anataka ukutani kuwe na vitu vya kizamani. Baiskeli, redio ... Ameulizia tu.

ASTERIA: Kumbe! Na sisi tunawaambia watu kanisani Otmar wetu anapenda sana kumbukumbu za baba yake. Kumbe marehemu anatafutiwa mteja.

OTMAR: Sijapokea kitu! Na sisemi ningekubali, nasema tu—

ASTERIA: Shika kisu.

OTMAR: Dada, hata mpira wowote unaweza—

ASTERIA: Shika kisu, au nampa mama simu umweleze kuhusu baa.

OTMAR: Usimpe!

ASTERIA: Mama, njoo uongee na—

OTMAR: Nimeshika! Nimeshika kisu! Nakuweka spika, ngoja.

[Chuma kinagonga sakafu. Tairi inachomolewa.]

ASTERIA: Umeumia?

OTMAR: Kidole kidogo.

ASTERIA: Vizuri. Kata pete nyembamba, baba alikuwa anakata kama upana wa njiti ya kiberiti.

OTMAR: Ulikuwepo?

ASTERIA: Nilimshikia taa. Wewe ulikuwa duarani huko Geita, kwenye shimo la dhahabu. Tulisikia duara lenu linatema mali, mnakula nyama kila siku.

OTMAR: Lilikuwa linatema kweli, dada. Ukitoka mwenzio anachukua zamu yako.

ASTERIA: Tulielewa. Hata siku tunamzika lilikuwa linatema.

[Bisibisi inazunguka.]

OTMAR: Hii kaseti sijawahi kuisikia. Yaani, tofauti na hiyo sauti ya kuku.

ASTERIA: Najua hujawahi. Sisi kila jioni tukishakula mama alikuwa anaiweka. Baba anatuita majina, mmoja mmoja, anaacha nafasi mtu umwamkie, halafu anaitikia. Alisema hawezi kuongea na watu wasiomsalimia.

OTMAR: Na mimi nipo humo?

ASTERIA: Ivishe mota huo mpira.

OTMAR: Umeingia. Umekaza kwelikweli. Dada, mota imeanza kuhema.

ASTERIA: Ndivyo inavyotakiwa. Weka, na mimi nimeweka spika.

[Kibonye. Mkwaruzo mrefu, kisha kikohozi kizito.]

KASETI: Asteria, upo?

ASTERIA: Nipo, baba. Shikamoo.

KASETI: Marahaba. Na wewe Loveness?

ASTERIA: Loveness! Njoo mbio, uitikie!

SAUTI YA MBALI: Shikamoo baba!

KASETI: Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Siku yako ikifika sitakuwepo, ila usilie, utaharibu poda. Maneno yako yanakuja. Nimalize kwanza salamu. Otmar? Umefika?

[Mkwaruzo tu.]

ASTERIA: Hapo huwa tunanyamaza wote.

[Mkwaruzo.]

ASTERIA: Si umwamkie, mjinga wewe! Anasubiri!

OTMAR: Shi ... shikamoo, baba.

KASETI: Marahaba. Umechelewa. Haya, kaa. Na hiyo redio usiifungue, inafanya kazi.

[Kibonye.]

ASTERIA: Otmar?

OTMAR: Nipo.

ASTERIA: Umesikia?

OTMAR: Alijua nitaifungua.

ASTERIA: Wewe ulifungua mpaka saa ya shule ya jirani, nani asijue? Mama huku anacheka na machozi yanamtoka. Anasema hajawahi kusikia mtu akiitikia hapo.

OTMAR: Dada, mimi ...

ASTERIA: Ijumaa. Asubuhi. Redio uifunge kwenye blanketi, uipakate mwenyewe. Na baiskeli uje nayo.

OTMAR: Imebaki bila tyubu.

ASTERIA: Utaikokota. Na yule wa baa?

OTMAR: Wa baa gani?

ASTERIA: Haya, mdogo wangu. Na upitie Mhunze umbembeleze Dorika, umwambie kitanda kime— Ee, Philomena analalamika, dakika zake zinaish—

OTMAR: Dada, hebu nipe mama nimsalimie! Dada? Haloo? ... Haloo?

[Simu imekatika. Kaseti inarudishwa nyuma. Kibonye.]

KASETI: Otmar? Umefika?

OTMAR: Bado, baba. Ijumaa.

KASETI: Marahaba. Umechelewa.