Mama Ogweno na Marudio ya Mbio

Kivuko cha Kamanga kilikuwa kimeacha Mwanza kitambo, na Luhende bado anaangalia maji kama yamemkosea. Dada aliyekaa pembeni, hata hawajuani, akamuuliza, "Kaka, unaenda msibani?"

"Bora msiba. Mimi nina banda la kuonyesha mpira Buzuruga. Jumapili Mama Ogweno kavuka toka Kamanga, kavaa kitenge kipya. Mwanawe yuko Marekani, anabadilisha tairi kwenye mbio za magari. Miaka tisa hajamwona. Mbio ziko laivu, ila king'amuzi ninacho kimoja na vijana wamejaa wanataka mpira. Nikamwambia, mama, njoo kesho uone marudio."

"Si yaleyale?"

"Kesho yake kaja, kumbe wameyakata. Wameonyesha wanaoongoza tu, Ogweno hata kofia yake haipo. Mama macho hayaoni vizuri, akaniuliza, 'Amenenepa?' Nikasema amenenepa."

"Umefanya la maana."

"La maana wapi? Kachinja kuku, kaita majirani, eti nikawasimulie."

Dada akacheka, halafu akaacha. "Basi mwambie ukweli."

"Wewe ungeweza?"

Kivuko kikagusa nchi kavu. Kati ya watu waliokuwa wanasubiri, Luhende akakiona kile kitenge.